Kupeana Makala ya Majarida ya Zamani: Istilahi kwa Wenye Mashua za Tanga wa Karema na Ikola

Bahasha iliyotufikia kutoka Mpanda, mkoani Katavi, haikuwa na barua ndefu. Mwalimu mmoja wa shule ya sekondari aliandika mistari michache tu, akaambatisha kurasa 14 zilizorudufiwa mara nyingi hata wino wake umefifia. Yalikuwa makala ya kijarida cha Kiingereza cha wenye mashua ndogo za tanga, kilichopigwa chapa ng'ambo miaka mingi iliyopita, na baina ya mistari mtu fulani alikuwa ameandika tafsiri ya Kiswahili kwa kalamu ya risasi. Mwalimu alieleza kwamba kurasa hizo zinazunguka miongoni mwa wenye vyombo wa Karema na Ikola, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kila mmoja akizisoma kisha akampa mwenzake. Naye alikuwa ameombwa aisafishe tafsiri hiyo ili ipigwe chapa upya. Maswali yake yalikuwa mawili. Kwanza, kitendo hiki cha kupeana makala yaliyotunzwa kiitweje kwa Kiswahili sanifu? Pili, je, tafsiri iliyoandikwa inafaa?

Swali la pili tulilijibu siku ile ile, kwa simu, maana lilihusu uhai wa watu. Katika ukurasa wa tatu mwandishi wa Kiingereza alikuwa akieleza lipasalo kufanywa upepo wa ghafula unapoipiga mashua ubavuni na kuilaza: nahodha aiachie upesi kamba inayoizuia pembe ya nyuma ya tanga, ili tanga limwage upepo na mashua isimame tena. Kamba hiyo kwa Kiingereza ina jina ambalo watu wa nchi kavu hulitumia kwa shuka la kitandani na kwa karatasi. Mfasiri wetu asiyejulikana aliandika: "Legeza shuka." Mistari minne chini, jambo lile lile lilipotajwa tena, aliandika: "Usifunge karatasi." Msomaji wa maneno hayo, kama ni mtu makini, atadhani kwamba "shuka" ni tanga lenyewe, naye atahangaika kulishusha lote wakati mashua imekwisha kulala. Kazi hiyo hutaka watu wawili na muda ambao hana. Na "karatasi" ataiacha kama ilivyo, akidhani ni kosa la chapa.

Hatusemi haya kumcheka mfasiri. Alifungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, akapata maana ya kwanza, akaichukua. Wengi wetu tumewahi kufanya hivyo katika mambo yasiyohatarisha maisha ya mtu, kwa hiyo hatukukamatwa. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba neno la Kiswahili lilikuwapo, tena la zamani, nalo lilikuwa limekaa katika kamusi likisubiri kuulizwa.

Kamba hiyo huitwa demani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo, na kamusi zilizofuata zimelirithi. Lakini hapa ndipo palipo na ugumu ambao mwalimu wa Mpanda alituonyesha, nasi tukiwa Dar es Salaam hatukuuona. Kwa watu wa pwani demani lina maana zaidi ya moja. Ni kamba tuliyoitaja. Ni upande wa chombo ule upepo unakotokea baada ya kukipita, kinyume cha joshi. Na ni majira ya mwaka, yale ya upepo mwanana baada ya baridi ya kipupwe, kuanzia Agosti hivi. Maana hizi hazimsumbui nahodha wa Tanga au wa Unguja, kwa kuwa anazaliwa nazo. Mwenyeji wa Karema, ambaye mwaka wake hugawanyika zaidi kati ya mvua na kiangazi, akisoma "legeza demani" hana pa kushika. Mwalimu aliwauliza wenye vyombo kadhaa, nao wakajibu kwamba tanga, mlingoti, nanga na kasia wanayajua vizuri. Demani, henza, joshi na foromali hawakuwahi kuyasikia, ila mzee mmoja aliyepata kuishi Ujiji.

Jambo hili lina historia yake. Maneno ya ubaharia yalifika Ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya karne ya 19, watu wa pwani walipofanya Ujiji kuwa kituo chao na kuleta ufundi wa kuunda na kuendesha vyombo. Mwingereza Cameron alipozunguka sehemu ya kusini ya ziwa mwaka 1874, alianzia Ujiji kwa mashua mbili. Nahodha Edward Hore wa London Missionary Society, aliyefika Ujiji mwaka 1878, alisafiri kwa tanga ziwani kabla jamii yake haijapata chombo cha moshi. Kisha zikaja meli, na hiyo Liemba, ambayo awali ilikuwa meli ya Wajerumani na ikazamishwa mwaka 1916, iliibuliwa majini na kuanza kazi kwa jina jipya mwaka 1927. Baada ya meli zikaja injini za kufunga nyuma ya boti. Ufundi ukipungua, maneno yake hupungua nao, tena hayapungui kwa pamoja: yale yanayoonekana kwa macho ya mtu aliye ufukoni, kama tanga na nanga, hubaki; yale yanayojulikana na aliye chomboni peke yake hupotea kwanza. Injini haikuyaondoa mahitaji yote, lakini. Mwenye boti anayeishiwa petroli katikati ya ziwa lenye urefu wa zaidi ya kilomita 650, upepo wa kusini ukivuma kama unavyovuma tangu Mei hadi Agosti, hana budi kulikumbuka tanga.

Basi tulimshauri mwalimu hivi. Mahali pa kwanza neno linapotajwa, liandikwe kwa ukamilifu wake, "kamba ya demani", na lifuatwe na maelezo mafupi ndani ya sentensi ile ile: kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Baada ya hapo "demani" peke yake litatosha. Na katika makala yaandikwayo kwa watu wa ziwani, maana ya majira isitumiwe kabisa, ingawa ni maana halali. Wako watakaosema kwamba yafaa kuunda neno jipya lililo rahisi, kwa mfano "kamba ya kuzuia tanga". Sisi hatukubali. Kila kamba chomboni huzuia tanga kwa namna fulani, nayo henza, ambayo ndiyo ya kutwekea tanga, ikichanganywa na demani wakati wa dhoruba, hasara ni ile ile ya "shuka". Jina la pekee linalofundishwa mara moja ni salama kuliko maelezo yanayofanana na jirani yake.

Joshi nalo, ambalo wengine hulitamka goshi, ni upande unaokabili upepo. Chombo kikienda karibu na upepo husemwa kwamba kinakwenda joshi. Na kwa kuwa hakuna chombo cha tanga kinachoweza kuukabili upepo uso kwa uso, nahodha huenda mshazari, kitambo mkono huu, kitambo mkono ule, mpaka afike. Kufanya hivyo ndiko kubisha. Mfasiri wa kalamu ya risasi aliandika hapa "kubishana na upepo", naye bila kujua alikuwa ameukaribia ukweli kuliko mahali popote pengine katika kurasa zile 14. Tulifuta "-ana" na "na" tu.

Kuna neno moja ambalo tulimzuia asilitumie, ingawa ni la Kiswahili safi na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumelipendekeza katika simu ya kwanza. Ni kukisi. Chombo cha pwani cha tanga la pembetatu kina foromali, mti mrefu unaobeba tanga kwa juu, na nahodha anapotaka kubadili mkono hana budi kuihamisha foromali na tanga lake kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine. Huko ndiko kukisi tanga, nayo ni kazi ya watu. Lakini mashua zinazoelezwa katika kijarida kile cha Kiingereza ni za namna nyingine. Tanga lao limefungwa nyuma ya mlingoti kwa urefu wake wote, na chini lina mti unaolinyoosha. Chombo kikigeuzwa, tanga huvuka lenyewe kwa nguvu ya upepo, na ule mti wa chini hupita juu ya mashua kwa kasi inayotosha kumvunja mtu kichwa. Kijarida kilikuwa kikionya: "inamisha kichwa." Tafsiri inayosema "kisi tanga, inamisha kichwa" ingekuwa na maneno sahihi yote na maana isiyo sahihi, kwa sababu mwenye mashua ya foromali hana mti wa kuinamia, ila anayo foromali ya kuhamisha, ambayo kijarida hakikuisema hata kidogo. Hapa tulishauri "geuza mashua, tanga litavuka lenyewe", na tanbihi kwamba maelezo haya hayahusu vyombo vya foromali. Mwalimu aliuliza, kwa haki, kama makala hayo yana faida yoyote kwa mtu mwenye foromali. Yanayo, katika sura za upepo na za ukarabati. Sura hii aipite.

Ukarabati wenyewe ulihitaji zaidi ya kamusi. Kijarida kinamwambia mwenye mashua angoje maji yapwe, ailaze mashua ubavu kwenye mchanga, akwangue na kupaka rangi chini ya mkuku kabla maji hayajajaa. Mfasiri alitafsiri vizuri, tena kwa Kiswahili cha kupendeza: kupwa na kujaa. Kosa ni kwamba ziwa halipwi wala halijai kwa namna ambayo mwenye mashua anaweza kuingojea. Maji ya ziwa hupanda na kushuka kwa misimu na kwa miaka, si kwa saa. Mtu wa Ikola akingoja maji yapwe atangoja sana. Pale tuliandika kwamba mashua ivutwe nchi kavu juu ya magogo. Vivyo hivyo vitabu vya pwani vikieleza kukalafati, yaani kuziba nafasi za mbao kwa pamba, hutaja sifa, mafuta ya papa, na deheni ya kupaka nje. Papa hayuko ziwani, ila mawese hayako mbali. Mfasiri si fundi wa mashua, wala hatumtaki awe, lakini akiona jambo ambalo nchi ya wasomaji wake haina, anawajibika kulitia alama na kumwuliza fundi.

Na tuseme neno moja juu ya mahali penyewe pa kufikia vyombo, kwa kuwa limetokea mara nyingi katika barua za maofisa uvuvi. Ziwani ni mwalo, wingi mialo. Pwani watu husema diko au bandarini. Yote mawili ni sanifu. Hakuna sababu ya kumlazimisha mtu wa Karema aandike diko kwa imani kwamba Kiswahili cha pwani ndicho peke yake chenye haki ya kuitwa Kiswahili.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, ambalo mwalimu alilitanguliza nasi tumelichelewesha. Siku hizi limezagaa neno "kushiriki" katika sentensi kama hii: "Ninashiriki nanyi makala haya." Anayesema hivyo anataka kusema kwamba anawapa wenzake makala wayasome. Lakini kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo, kuhudhuria, kujiunga: mtu hushiriki mkutano, hushiriki katika mazishi, hushiriki katika mashindano. Makala hayashirikiwi namna hiyo isipokuwa mtu ameshiriki kuyaandika. Sentensi ile, ikisomwa na mtu asiyejua mtindo huu mpya, humwambia kwamba msemaji na wasikilizaji ni waandishi pamoja. Tumeiona katika matangazo ya ofisi, na tumeiona, kwa masikitiko, katika insha zilizosahihishwa na kupewa alama za juu.

Kushirikisha lina nguvu zaidi, kwa kuwa ni kumtia mtu katika jambo lako: unamshirikisha mwenzako mawazo, shida, furaha. Kwa karatasi ya kurudufu ni neno zito mno. Kugawana ni kugawa kitu ili kila mtu apate sehemu yake. Samaki hugawanywa, fedha za chama hugawanywa, na kila mmoja hupungukiwa na kile kilichokwenda kwa mwingine. Makala hayapungui kwa kusomwa. Tukiandika kwamba wenye mashua wa Karema "waligawana kijarida", msomaji ataona kurasa zikichanwa. (Mwalimu alituambia kwamba hilo nalo limetokea: ukurasa wa tisa haupo.)

Kusambaza hufaa pale palipo na chimbuko moja na wapokeaji wengi: Wizara husambaza waraka, Maktaba husambaza vitabu. Kuazimana hufaa palipo na sharti la kurudisha. Kwa hali tuliyoelezwa, ambapo mtu huyu humpa yule, na yule humpa mwingine, bila mkubwa wala daftari, neno lililo karibu zaidi na ukweli ni kupeana. Ni neno la kila siku na halina madoido. Labda ndiyo sababu waandikao kwa kutaka kuonekana wasomi hulikimbia. Kinachopeanwa kikiwa ni habari iliyomo na siyo karatasi, yaani mtu amesoma na kumweleza mwenzake kwa mdomo, tunalo kupashana. Kwa hiyo kichwa cha habari alichokitaka mwalimu kinaweza kuwa "Kupeana makala ya kijarida", nacho kitaeleweka Mpanda, Mombasa na Kalemie.

Kijarida ndilo neno tulilolichagua kwa karatasi ndogo ya habari itolewayo na chama au kikundi kwa wanachama wake. Tunajua kwamba ki- ya kudogosha huwaudhi baadhi ya watu, na katibu wa chama kimoja aliwahi kutuandikia kwamba jarida lake si dogo. Ukubwa tusemao si wa hadhi. Gazeti ni la umma na hutoka mara kwa mara kwa habari za siku, ingawa Mambo Leo, iliyoanza mwaka 1923 na kutoka kila mwezi, iliitwa gazeti na ingali ikikumbukwa hivyo. Jarida hubeba makala marefu. Kijarida ni cha wanaojuana. Wanaoandika "barua ya habari" wamelivusha neno la Kiingereza kipande kwa kipande, nalo halimwambii Mswahili kitu, maana barua ipi isiyo na habari?

Toleo na nakala huchanganywa kila siku, hata maktabani. Kijarida kikitoka mara 4 kwa mwaka, kina matoleo 4. Toleo moja likipigwa chapa mara 300, lina nakala 300. Mtu wa Ikola alipoandika pembeni mwa ukurasa "nakala ya 2", hatukuweza kujua kama alimaanisha toleo la pili la mwaka ule au kwamba hii ni karatasi ya pili iliyorudufiwa kutoka kwa ya kwanza. Kwa matoleo yaliyotangulia tunapendelea "matoleo yaliyopita". "Matoleo ya nyuma" limeenea, nalo si kosa kubwa.

Neno lililotutatiza kuliko yote ni la mahali, au mkusanyo, ambamo matoleo hayo hutunzwa. Serikalini tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na Sheria Na. 3 ya mwaka 2002 inayoihusu. Maofisa masijala wanajua tofauti: kumbukumbu ni majalada na karatasi za kazi, nyaraka ni zile zilizochaguliwa kutunzwa daima kwa thamani yake. Tofauti hiyo ni nzuri, lakini nje ya masijala waraka ni barua rasmi ya maagizo, kwa hiyo "nyaraka za wenye mashua" humfanya mtu afikiri kwamba wenye mashua wametoa maagizo kwa mtu. Makavazi limo katika kamusi na baadhi ya wataalamu hulitumia kwa jengo la kutunzia. Kwa sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha nahodha ni jina kubwa kupita kiasi. Basi tukapendekeza "hifadhi ya majarida", tukaridhika nafsi zetu.

Jibu la Mpanda lilikuja kwa mstari mmoja. Kwa watu wa Katavi, hifadhi ni Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye viboko na nyati; na mtu akiambiwa kwamba kuna hifadhi mpya mwaloni, swali lake la kwanza litakuwa kama watahamishwa. Hatukuwa tumelifikiria hilo. Tuliliacha jina, tukakibakiza kitenzi, ambacho hakimtishi mtu: makala yaliyohifadhiwa. Na mkusanyo wenyewe tukauita "kumbukumbu za kijarida", tukijua kwamba ofisa masijala atakunja uso kidogo.

Lipo jambo la tarehe ambalo si la istilahi hasa, ila hatukuweza kulipita. Hakuna hata ukurasa mmoja kati ya zile 13 zilizobaki uliokuwa na mwaka. Anayerudufu hujali maandishi, hukata pambizo na vichwa ili karatasi itoshe, na mwaka huenda na pambizo. Watu wa Karema wana ushahidi wa karibu wa hatari yake. Kituo alichokianzisha Kapteni Cambier mwaka 1879 kwa niaba ya jumuiya ya kimataifa ya Mfalme wa Ubelgiji, ambacho Mapadri Weupe walikipokea mwaka 1885, kiliwekwa karibu na maji. Mto Lukuga ulipofunguka upande wa magharibi na kutoa maji ya ziwa, ufuko ulirudi nyuma, na kituo kikabaki mbali na maji. Maelezo ya mahali pa kutia nanga yaliyokuwa ya kweli mwaka 1879 yangemdanganya nahodha baada ya miaka michache tu. (Vitabu vingine huandika Kalema, ni mahali pale pale.) Kwa hiyo tuliomba kwamba kila makala yaliyohifadhiwa yaandikwe juu yake jina la kijarida, juzuu, toleo na mwaka kabla hayajapewa mtu mwingine, na pasipojulikana mwaka iandikwe wazi "mwaka haujulikani".

Kuhusu haki, mwalimu alikuwa amesoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, akafurahi, akatuandikia kwamba kwa kuwa wao wanashiriki makala, bila shaka wanalindwa na hakishiriki. Huu ndio mwisho wa njia iliyoanza na "kushiriki" lililotumiwa vibaya. Hakishiriki ni haki za wale wanaoandamana na mtunzi katika kuifikisha kazi yake, kama vile waimbaji, watayarishaji wa sauti zilizorekodiwa na watangazaji. Si ruhusa ya kupeana. Tunakiri kwamba neno hilo lilipoundwa halikuhofiwa kusomwa hivyo. Hakimiliki ya mwandishi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sheria humruhusu mtu kunakili kwa matumizi yake binafsi, na hutoa nafasi ya kunukuu na kufundishia kwa kutaja chanzo, lakini kutafsiri makala mazima na kuyapiga chapa ili kuyasambaza ni haki ya mwenyewe, naye ndiye wa kuombwa. Mfasiri asiyelijua hilo hufanya kazi ya miezi, kisha kazi yake hukaa mezani.

Barua ya kuomba ruhusa imekwisha kupelekwa kwa wachapaji wa kijarida kile, jibu halijafika. Lakini sheria hulinda namna mwandishi alivyolisema jambo, haiyalindi maarifa yenyewe, na kuachia demani ni jambo lililojulikana na manahodha wa Kiswahili kabla kijarida hicho hakijazaliwa. Kwa hiyo mwalimu, fundi mmoja wa mashua na sisi tulitunga kwa maneno yetu karatasi moja, ambayo sasa imebandikwa katika mialo miwili. Inasema: "Upepo wa ghafula ukiilaza mashua, achia demani, yaani kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga. Usihangaike na henza. Usiifunge demani kwa fundo lisilofunguka kwa mkono mmoja. Mashua ikisimama, shusha tanga, kumba maji."

Mstari wa mwisho una kiraka. Chombo cha kukumbia maji kutoka ngamani, pwani huitwa upo, nasi tulikuwa tumeliandika. Fundi alilikata akisema kwamba watu watasoma "upo" kama salamu ya simu. Alitumia kopo. Wasomaji wa mwambao wa Ziwa Tanganyika wenye jina jingine la chombo hicho wanaombwa kulituma kwetu pamoja na jina la mwalo linakotumika, ili tuliangalie kabla karatasi haijapigwa chapa mara ya pili.